Wanaobeba Mitandao Isiyo na Mmiliki

Mwezi Oktoba 2022 Elon Musk alikamilisha ununuzi wa Twitter kwa dola bilioni 44, na katika wiki chache zilizofuata watumiaji wa kila mwezi wa Mastodon wakaongezeka kutoka laki kadhaa hadi kufikia milioni 2.5 hivi. Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na makao makuu wala mmiliki mmoja. Kila seva ina mwenyewe na kanuni zake, na zote huelewana kwa itifaki moja, kiasi kwamba aliyejisajili hapa humsoma na kumjibu aliyejisajili kule. Wengi waliupokea kama jambo jipya, ilhali jamii za namna hii zina historia ya zaidi ya miaka 40. Ukiifuata historia hiyo utakuta jambo moja likijirudia katika kila kizazi: mitandao isiyo na mmiliki hubebwa na watu wanaotunza seva, watu wanaojulikana na wale wanaowahudumia. Kazi hiyo ilipokuwa na mwenyewe, mtandao ulistahimili simu mbovu, uhaba wa fedha na ugomvi wa ndani. Ilipokosa mwenyewe, ubora wa programu haukuuokoa.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walitafuta njia ya kuunganisha kompyuta za vyuo vilivyokuwa nje ya ARPANET, mtandao uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Steve Bellovin, wa chuo jirani cha University of North Carolina, aliandika programu ya kwanza. Walichohitaji ni kompyuta za Unix, modemu na laini ya simu. Kompyuta moja iliipigia nyingine, mara nyingi usiku ambapo simu zilikuwa nafuu, ikachukua mijadala mipya na kuacha ya kwake, kisha ile ya pili ikaipigia ya tatu. Hivyo ndivyo Usenet ilivyoenea. Kila msimamizi aliamua mwenyewe abebe makundi gani ya mijadala, abadilishane na kituo gani, na amchukulie hatua gani mtumiaji wake anayewakera watu wa chuo kingine. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mkubwa. Mwanafunzi akivuka mipaka, malalamiko yalikwenda kwa msimamizi wa kompyuta ya chuo chake, mtu ambaye angeweza kumwita ofisini na kumfungia akaunti. Nidhamu ya mtandao uliovuka mabara ilitegemea watu wawili walio katika jengo moja.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba usawa huo ulikuwa wa maneno tu, kwa sababu nguvu haikosi mahali pa kukaa. Ni kweli kwamba ilikuwapo. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, vituo vichache vyenye uwezo wa kulipia simu za masafa marefu vilikuwa vimegeuka uti wa mgongo wa Usenet, na wasimamizi wake ndio walioongoza upangaji upya wa makundi yote kati ya 1986 na 1987. Kundi ambalo hawakukubali kulibeba halikufika mbali. Lakini kilichofuata kinaonyesha tofauti kati ya nguvu hiyo na umiliki. Mwaka 1987 Brian Reid, John Gilmore na Gordon Moffett, ambao hawakuridhishwa na maamuzi hayo, walifungua tawi jipya lililoitwa alt na kulisambaza kwa njia isiyopita kwa wakubwa hao. Hawakuhitaji kibali wala mahakama. Walihitaji majirani waliokubali kubadilishana nao, na wakawapata. Basi mamlaka yalikuwapo, ila yalidumu kwa kadiri wengine walivyoendelea kuyakubali, na asiyeyakubali aliweza kuondoka bila kuwapoteza aliokuwa akizungumza nao. Mteja wa kampuni moja hana nafasi hiyo.

FidoNet inatoa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa kuwa ilijengwa na watu wasio na chuo nyuma yao. Tom Jennings aliianzisha mwaka 1984 akiwa San Francisco, ili kuunganisha mbao za matangazo za kompyuta ambazo watu waliziendesha majumbani mwao. Kila kituo kilipewa anwani ya namba zilizotaja kanda, mtandao wa eneo na kituo chenyewe. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Orodha ya vituo vyote ilisambazwa kila wiki. Usiku wa manane ilitengwa saa moja ambapo mbao zilifungwa kwa wapigaji wa kawaida, modemu zikaachwa zipigiane na kupokezana barua. Bili ya simu ililipwa na mwenye kituo, au yeye na wenzake kwa kuchangiana. Mwongozo wao wa adabu ulikuwa na mambo mawili tu, kwamba mtu asiwakere wenzake kupita kiasi na yeye mwenyewe asiwe mwepesi wa kukereka. Jaribio la kuuweka mtandao huo chini ya shirika rasmi lilishindwa kabla muongo haujaisha, kwa sababu wenye vituo hawakuona ni kwa nini mtu asiyelipa bili zao awe na sauti juu yao. Hata hivyo mtandao uliendelea kukua, na katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na vituo zaidi ya 30,000.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani, na iliingia kupitia mlango huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Environment Liaison Centre International, shirika la mazingira lenye makao yake Nairobi, liliendesha kituo cha FidoNet kwa ajili ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Upande wa pili wa laini ulikuwa na GreenNet ya London, mojawapo ya mashirika yaliyoanzisha Association for Progressive Communications, muungano ulioundwa mwaka 1990. Simu za kimataifa kutoka Kenya zilikuwa ghali mno chini ya shirika la umma lililohodhi mawasiliano, kwa hiyo London ndiyo iliyopiga. Barua za siku nzima zilibanwa zikawa furushi dogo, zikapita katika simu ya dakika chache. Laini ikikatika, upokeaji uliendelea pale ulipoishia badala ya kuanza upya. Wakati huohuo mradi wa ESANET, wenye kitovu chake Chuo Kikuu cha Nairobi, uliunganisha vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, na HealthNet ya shirika la SatelLife ikawafikishia madaktari makala za tiba kwa setilaiti ndogo na kwa simu, ikitumia programu za familia hiyohiyo ya Fido.

Hali hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Laini zilikuwa na kelele, kompyuta zilikuwa chache, na umeme haukutabirika. Bado mtafiti wa Makerere aliweza kumwandikia mwenzake wa Harare na kupata jibu baada ya siku moja au mbili, pale ambapo barua ya posta ingechukua wiki kadhaa. Kilichowezesha hayo ni kwamba kila kituo kilikuwa na mtu aliyejua modemu yake ina tabia gani, nani hajachukua barua zake, na amwandikie nani London mambo yakikwama. Teknolojia ilikuwa duni kwa kila kipimo cha wakati huo, lakini utunzaji ulikuwa wa karibu. Intaneti kamili ilipofika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam katikati ya muongo huo, kasi iliongezeka sana, ila nafasi ya msimamizi anayejulikana ilichukuliwa na kampuni zinazouza muunganisho kwa mwezi.

Anguko la Usenet linathibitisha hoja hii kutoka upande wa pili. Kati ya 1993 na 1994 kampuni kama AOL ziliwafungulia mlango wateja wao wote kwa mkupuo. Kabla ya hapo wageni walikuja kila Septemba, vyuo vilipofunguliwa, na wenyeji waliwafunza taratibu. Sasa wageni walifika kila siku, na aliyewaleta hakuwajua wala hakuwa na sababu ya kuwafunza. Penye wengi pana mengi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya green card katika maelfu ya makundi, makundi ya hisabati na ya mapishi bila kubagua. Malalamiko yalifurika kwa kampuni iliyowapa muunganisho, nayo ikawakatia huduma, lakini njia ilikuwa imeshaonekana na wengine wakaifuata. Makundi yakajaa taka, seva zikawa ghali kutunza, na kampuni za intaneti zikaanza kuzifunga moja baada ya nyingine. Kumbukumbu za mijadala zilizokusanywa na DejaNews tangu 1995 zilinunuliwa na Google mwaka 2001. Duke yenyewe, ambako Usenet ilizaliwa, ilizima seva yake mwaka 2010. Itifaki ilikuwa bado inafanya kazi. Aliyekosekana ni mtu wa kuwajibika kwa watumiaji wa kituo chake.

Kizazi cha tatu kilianza na identi.ca ya Evan Prodromou mwaka 2008, kikapata Mastodon ya Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, na Januari 2018 kikapata itifaki rasmi, ActivityPub, iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Wengi hukipinga kwa hoja moja nzito: mtandao usio na mlinzi wa juu utakuwa kimbilio la wenye chuki. Hoja hiyo ilipata jaribio lake mwaka 2019, mtandao wa Gab, uliojulikana kwa kuwakaribisha wabaguzi wa rangi, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon. Programu ni huria, hivyo hakuna aliyeweza kuuzuia kuitumia. Wasimamizi wa seva nyingi, kila mmoja kwa uamuzi wake, walikata uhusiano na seva hiyo, na Gab ikabaki kisiwa. Siwezi kudai kwamba ulinzi huu umekamilika, kwani ubora wake hutofautiana kati ya seva na seva, na anayeonewa kwenye seva iliyozembea hupata taabu kubwa. Lakini maamuzi hayo yalifanywa na watu wanaoweza kuulizwa na watumiaji wao, na mtumiaji asiyeridhika anaweza kuhamia seva nyingine na wafuasi wake wakaenda naye. Kampuni moja kubwa ikizembea, mtumiaji wake hana pa kuhamia.

Pingamizi la pili linahusu urahisi. Baada ya wimbi la 2022 watumiaji wa Mastodon walipungua tena, na watu huuliza kwa nini tushughulike na kitu ambacho umma umekionja na kukiacha. Jibu lenyewe liko katika kumbukumbu za wakubwa walioleta urahisi. Google Talk ilianza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikakubali kuzungumza na seva za watu wengine kwa itifaki ya XMPP. Mwaka 2013 kampuni ikageukia huduma yake nyingine na kuanza kuufunga mlango huo. Watu waliokuwa wamewavuta ndugu na marafiki huko hawakuulizwa. Sasa Threads ya kampuni ya Meta imeanza kuunganisha watumiaji wake na ActivityPub tangu mwaka 2024, na wasimamizi wengi wanasitasita kuipokea kwa sababu wanakumbuka. Urahisi wa jumba kubwa hudumu kwa muda ambao mwenyewe anauona una faida kwake. Jamii inayotaka kuishi miaka 20 haiwezi kuuweka uhai wake mikononi mwa bajeti ya mwaka ya mtu mwingine.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa leo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wanaoendesha majukwaa kulipia leseni kwa zaidi ya shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisitisha huduma zake kwa muda. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini funzo limebaki: sheria inayomchukulia mtunza jukwaa dogo sawa na kituo cha televisheni huwaondoa walewale wanaowajua watu wao, na kuwaachia uwanja wakubwa walio mbali. Mei 2025 X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, ilipozuiwa Tanzania, jamii nzima za wasomaji, wafanyabiashara na wanaharakati zilikatwa kwa pamoja, kwa kuwa zote zilikaa nyumba moja. Seva nyingi ndogo nazo zinaweza kuzuiwa, ila kila moja italazimika kutafutwa peke yake, na jamii itakuwa na daftari la watu wake.

Kwa hiyo swali la kuuliza si programu ipi iliyo bora. Tuulize ni taasisi gani ziko tayari kubeba kazi: vyuo vikuu, vyama vya waandishi, vyama vya ushirika, maktaba. Nairobi ya 1990 haikuwa tajiri kuliko Nairobi, Mwanza au Kampala za leo, na gharama ya seva ndogo ya kuhudumia watu mia kadhaa ni ndogo kuliko bili za simu za wakati ule. Chama cha waandishi wa Kiswahili kikiamua kuwa na seva yake, kimlipe msimamizi wake kama kinavyomlipa mhasibu, na kiandike kanuni zake kwa lugha ya wanachama wake, kitakuwa kimefanya jambo ambalo historia imeshalipima mara tatu na kuliona linawezekana. Kikisubiri mtu wa mbali akifanyie hivyo bure, historia hiyohiyo imeshaonyesha mwisho wake.