Amri ya Kwanza Baada ya Usingizi

Nilipoteza sauti ya guka kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa imelala.

Guka alifanya kazi kwenye reli hapa Nakuru. Jioni tatu mfululizo alinisimulia jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka wa 1977, na jinsi watu wa reli walivyokaa wakijiuliza mshahara wa mwezi ujao ungetoka wapi. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia sauti kwenye laptopu, kisha nikazifuta kwenye simu ili nipate nafasi.

Usidhani nilikuwa mzembe. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kompyuta nazijua kidogo. Laptopu yangu ni mtumba, inatumia Linux, na nilikuwa nimeipa amri: kila siku saa nane usiku, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Shida ni kwamba saa nane usiku mimi huwa nimeshafunga kifuniko. Na cron, ile programu inayoendesha kazi kwa kufuata saa, haina habari na kazi iliyopita mashine ikiwa imelala. Haikukumbushi, haifidii. Miezi minne ikapita hivyo. Siku diski ya ndani ilipokufa, nakala ya mwisho ilikuwa ya kabla ya jioni zile tatu. Na guka tulikuwa tumeshamzika.

Tangu hapo nina swali moja: mashine ikiamka, nani anaamua ifanye nini kwanza? Kumbe watu wamelivuta swali hili kwa zaidi ya miaka 30.

Kompyuta za mezani za zamani hazikuwa na usingizi. Ziliwaka au zilizimwa, basi. Laptopu ndizo zilizoleta shida, kwa sababu betri ni chakula cha kupimwa. Mwaka wa 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu ulioitwa APM. Hapo mwenye usemi mkubwa alikuwa BIOS, ile programu ndogo inayokaa ndani ya mashine tangu kiwandani. BIOS ikiona umenyamaza, inaweza kuanza kuilaza mashine yenyewe. Mfumo endeshi, achia mbali wewe mwenye mali, ulikuwa kama mpangaji anayepashwa habari na kareteka.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa utaratibu mwingine, ACPI. Safari hii usukani ulipewa mfumo endeshi. Usingizi nao ukapewa madaraja. Kwenye S3 karibu kila kitu huzimwa, lakini kumbukumbu inaachiwa stima kidogo ili isisahau. Kwenye S4 kumbukumbu yote huandikwa kwenye diski, kisha mashine huzimwa kabisa.

Usukani ukiwa kwa mfumo endeshi, mtu wa kawaida naye akapata pa kushika. Kwenye Linux ilikuja folda moja ambayo ukiweka skripti yako ndani, inaendeshwa mashine inapolala na inapoamka. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya systemd, iliyoanza mwaka wa 2010. Folda inaitwa system-sleep. Kila skripti iliyomo huitwa mara mbili: kabla ya kulala inapewa neno «pre», baada ya kuamka inapewa «post». Wewe kazi yako ni kuandika: ukisikia «post», fanya hivi. Kwenye Windows unaweza kumwambia Task Scheduler aanzishe kazi pale tukio la kuamka linapoandikwa kwenye daftari la mfumo.

Lakini kuandika amri ni jambo moja, na amri kutekelezwa ni jambo lingine. Sisi wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Olkaria, kule Naivasha, iko kaunti yetu, na imekuwa ikitoa stima kutokana na mvuke wa ardhini tangu 1981, mashine ya kwanza ikiwa ya megawati 15. Hata hivyo, usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walijikuta gizani, na Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi: jenereta iliyopaswa kuhudumia sehemu ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka.

Ukiangalia vizuri, jenereta ya dharura nayo ni skripti. Stima ikipotea, waka. Amri ilikuwepo, ila usiku ilipohitajika haikutii. Hapo ndipo nilipojiona. Amri yangu ya saa nane usiku iliandikwa sawasawa, bila kosa hata la herufi. Kosa ni kwamba sikuwahi kuamka asubuhi moja nikaangalia kama imefanya kazi.

Sasa nina skripti fupi kwenye ile folda. Laptopu ikiamka, inaanzisha programu nyingine ya kunakili, yenyewe inajiondoa, maana kazi ndefu haifai kukaa pale. Programu hiyo inasubiri kidogo diski ya nje ionekane, inanakili, halafu inanionyesha mstari mmoja tu: tarehe ya nakala ya mwisho. Tarehe ikiwa ya jana, siandiki neno hadi nijue kwa nini.

Kaka mdogo wa guka bado yuko Molo. Yeye anasema mambo ya 1977 hayakuwa vile guka alivyosimulia, na amekubali nimrekodi. Nilipomaliza jioni ya kwanza, nilifunga laptopu mbele yake, nikaifungua tena, nikakaa nikingoja ule mstari. Akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia, «Nataka kujua kama imekusikia, guka.»