Kahawa ya Moshi, Saksofoni ya New York

Tarehe 21 Juni 1968, katika studio ya Columbia jijini New York, Wayne Shorter alipuliza saksofoni ya tena sambamba na tarumbeta ya Miles Davis. Kibao walichorekodi, kirefu cha dakika 12, kilibeba jina la mlima ambao wakazi wa Shirimatunda, Moshi, huutazama kila mawingu yanapofunguka. "Filles de Kilimanjaro" ndicho kilichoipa albamu nzima ya Davis jina lake.

Jina hilo lilipita njia ya biashara. Davis alikuwa amewekeza fedha katika Kilimanjaro African Coffee, kampuni ya kahawa ya New York, na kwa sehemu albamu ikaitwa hivyo kwa sababu yake. Vibao vyote vitano vilipewa majina ya Kifaransa, na jalada likapambwa kwa picha ya Betty Mabry, mwimbaji aliyeolewa na Davis mwaka huohuo.

Sifa ya Kilimanjaro katika kahawa, hata hivyo, ilikuwa imejengwa na mikono mingine. Wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni Kilema mwishoni mwa karne ya 19, Wachagga wakaipokea na kuiingiza vihambani, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao, chini ya kivuli cha migomba na kando ya mifongo ya maji. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933, mwaka aliozaliwa Shorter, kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Kahawa mbivu huchumwa punje kwa punje, humenywa siku hiyohiyo kabla haijaharibika, huchachushwa ili ute uachie, huoshwa, kisha huanikwa na kugeuzwageuzwa mpaka ikauke. Ndipo kahawa ya maganda hupelekwa chama cha msingi, na baadaye kiwandani Moshi kukobolewa na kupangwa kwa madaraja kabla ya mnada.

Wakati albamu hiyo ikirekodiwa, Tanzania nayo ilikuwa imejichukulia jina kutoka Marekani: jazz. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na Nuta Jazz zilikuwa bendi za dansi. Magitaa yao yalifuata rumba ya Kongo na Kyuba, mbali na muziki wa Shorter. Jirani tu na Moshi, huko Arusha, ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga walianzisha Arusha Jazz, kisha wakavuka mpaka na kuwa Simba Wanyika. Jazz ya huku ilikuwa alama ya usasa, kama vile Kilimanjaro ya kule ilivyokuwa alama ya Afrika.

Lakini mabadilishano hayo hayakuwa sawa. Bendi zetu zililiazima jina na kulijaza muziki wao wenyewe. Kampuni ya New York ililichukua jina la mlima likiwa tayari limejaa jasho la wakulima. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, KNCU ikiwemo, na chama hicho kikarejea mwaka 1984. Muda wote huo albamu ilibaki na jina lake. Atakayeandika historia ya rekodi hiyo hana budi kumtaja mkulima wa kihamba miongoni mwa waliolifanya jina hilo listahili kuwekwa jaladani.