Sikio Likiziba Ghafla: Mambo ambayo Makanisa Yetu Yanapaswa Kujua

Katika makanisa yetu ya Kivu na Ituri, mtu anayeamka asubuhi na kukuta sikio moja halisikii hufanya moja kati ya mambo matatu. Wengine hungoja lifunguke lenyewe. Wengine humimina mafuta ya moto ndani ya sikio. Wengine huja kwa mchungaji waombewe. Kuombewa ni vema, nasi wachungaji hatutaacha kuomba. Lakini kungoja na mafuta humpotezea mgonjwa siku zile ambazo angeweza kusaidiwa. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu.

Ni ugonjwa gani?

Madaktari husema usikivu umepotea ghafla wakati unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi ndani ya siku tatu, na kosa likiwa katika sikio la ndani au katika mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Karibu siku zote ni sikio moja tu. Mgonjwa huhisi sikio limejaa au limezibwa, wengi husikia mlio ambao hauko nje, na wengine hushikwa na kizunguzungu. Kwa kawaida hakuna maumivu, na hapo ndipo mtego ulipo: kwa kuwa haliumi, watu hudhani ni jambo dogo.

Katika wagonjwa wengi sana, karibu tisa kwa kila kumi, sababu haijulikani hata baada ya kupimwa. Madaktari hufikiri juu ya virusi, upungufu wa damu inayofika sikio la ndani, au mwili kujishambulia wenyewe. Basi tusiwe wepesi kusema kwamba mtu amerogwa au ameficha dhambi. Kama daktari mwenyewe haoni sababu, jirani ataionea wapi?

Uzibo wa aina mbili

Si kila sikio lililoziba lina ugonjwa huu. Nta iliyoganda, maji ya mafua nyuma ya ngoma ya sikio, au mbegu iliyoingizwa na mtoto huzuia sauti njiani. Hayo mara nyingi hutibika kwa urahisi. Uzibo wa pili ni wa sikio la ndani, na huo ndio wa haraka.

Kuna jaribio dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Funga mdomo, vumisha sauti «mmm», kisha sikiliza inavuma zaidi upande gani. Ikivuma zaidi katika sikio lililoziba, huenda ni nta au maji. Ikivuma zaidi katika sikio zima, huenda kosa liko ndani, basi usilale na jambo hilo. Jaribio hili halichukui nafasi ya daktari. Linasaidia tu kujua ukubwa wa haraka.

Sababu nyingine zinazojulikana huku kwetu

*Milipuko na risasi.* Kishindo cha bomu huweza kupasua ngoma ya sikio au kujeruhi chembe za sikio la ndani. Ngoma iliyopasuka kidogo mara nyingi hujifunga yenyewe baada ya wiki au miezi, ikiwa maji hayaingii na hakuna anayetia vitu ndani. Chembe za ndani zikifa hazioti tena.

*Dawa.* Kinini kinachotibu malaria kali huleta mlio na kupunguza usikivu, lakini kwa kawaida hali hiyo hurudi dawa ikiisha. Sindano za gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu masikio yote mawili bila kurudi. Ukianza kusikia mlio wakati wa matibabu, mwambie muuguzi siku ile ile; usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe.

*Ugonjwa wa utando wa ubongo (meninjiti).* Mtu aliyepona meninjiti, hasa mtoto, apimwe masikio mapema.

Tena, uziwi wa ghafla ukija pamoja na udhaifu wa mkono au mguu, mdomo kupinda, au maneno kutotoka sawasawa, huenda ni ugonjwa wa ubongo. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Siku za kwanza

Nenda kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Omba muuguzi aangalie ndani ya sikio. Akikuta ni safi, bila nta wala usaha, omba barua ya kukupeleka kwa daktari wa masikio, yule tunayemwita ORL, au kwa daktari wa hospitali kubwa iliyo karibu. Hapo mkazo unahitajika, kwa maana wengi hurudishwa nyumbani na matone tu, na matone hayafiki sikio la ndani.

Dawa ambayo madaktari hutumia zaidi ni za jamii ya kotizoni, kama prednisoloni, kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha hupunguzwa pole pole. Inafaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza. Isipofaa, penye mtaalamu, dawa huweza kuchomwa kupitia ngoma ya sikio. Haiahidi uponyaji, lakini ukichelewa nafasi inapungua. Usiinunue mwenyewe katika duka la dawa: hupandisha sukari na presha, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Usitie mafuta, majani, mkojo, kijiti cha kiberiti wala kotoni. Kaa mbali na kelele kubwa, hata bafle za kwaya.

Kupona kunaendaje?

Kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wagonjwa hurudishiwa usikivu, wote au sehemu, hata bila dawa. Sehemu kubwa ya kupona huonekana katika wiki mbili za kwanza. Wenye umri mkubwa, waliopoteza usikivu karibu wote, na waliopata kizunguzungu kikali huwa na nafasi ndogo zaidi. Mlio unaweza kubaki, lakini kwa wengi ubongo huuzoea kwa miezi. Pale inapowezekana, sikio lipimwe tena kwa mashine baada ya matibabu na baada ya miezi sita.

Usikivu usiporudi

Mwenye sikio moja hawezi kujua sauti inatoka wapi. Pikipiki ikipiga honi huenda akaikimbilia badala ya kuikimbia. Barabarani atembee na mtu upande wa sikio bovu. Kanisani akae mbele, sikio zima likielekea mhubiri. Nyumbani, tumwite kwa kumgusa bega na tuseme naye uso kwa uso, bila kupiga kelele. Mke au mume asiyeitika si mkaidi; hajasikia.

Aliyepoteza yote mawili bado ana kazi mbele yake. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa kiziwi tangu miaka 11 kwa sababu ya meninjiti. Alianza shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na kazi yake ikazaa shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, jirani zetu.

Kazi ya kanisa

Katika Marko 7, Yesu alimtenga kiziwi na makutano, akamgusa masikio. Alisema naye kwa njia ambayo mtu yule aliweza kuifahamu. Basi anayekuja kuombewa sikio, tumwombee, kisha tumwulize: lilianza siku gani? Umekwenda kituo cha afya? Nauli unayo? Kama hana, mashemasi wachange siku hiyo hiyo, wasingoje Jumapili. Sala na safari ya hospitali havigombani; vyote viwili vinaweza kufanyika asubuhi moja.