Kinasa Sauti na Mkono Uliofichika: Historia Fupi ya Unasaji wa Sauti za Kila Siku

Mhakiki wa fasihi simulizi hutegemea sana kanda, lakini ni nadra kuuhoji ukanda wenyewe. Aghalabu huyanukuu maneno ya fanani na kuzipuuza sauti zilizomzunguka: jogoo, mchi kinuni, mtoto aliaye, gari lipitalo. Hizo huitwa kelele. Makala haya yanaifuatilia historia ya wasanii na watafiti waliozifanya sauti za aina hiyo kiini cha kazi yao, na kudai kwamba ukanda ni matini iliyotungwa wala si kioo cha mahali.

Tangu Edison alipovumbua fonografu mwaka 1877, chombo hicho kilielekezwa zaidi kwenye maneno na muziki. Aidha, sauti iliyochorwa katika nta au sahani haikuweza kukatwa na kuungwa upya kwa urahisi. Walter Ruttmann, mtengenezaji filamu wa Ujerumani, alikiepuka kikwazo hicho kwa kunasa sauti kwenye ukanda wa filamu. Kazi yake Weekend, iliyotangazwa redioni Berlin mwaka 1930, ni filamu isiyo na picha. Kwa takriban dakika 11, mitambo, kengele na vipande vya mazungumzo husimulia mji unaoacha kazi Jumamosi na kuirudia Jumatatu. Mikato yake husikika waziwazi, na hakuna asiyetambua kuwa pana mtunzi.

Vinasa sauti vya kubebeka, mathalani Nagra aliyoiunda Stefan Kudelski mwaka 1951, vilileta mvuto mpya: kumficha mtunzi. Luc Ferrari wa Ufaransa alinasa sauti za alfajiri huko Vela Luka, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Korčula, Yugoslavia ya wakati huo na Kroatia ya leo. Katika Presque rien, iliyokamilika mwaka 1970, injini za mashua, sauti za wanakijiji na nyenje hufuatana bila mshono kusikika. Jina la kazi hiyo lina maana ya ‘karibu si kitu’. Msikilizaji hudhani amesikia asubuhi moja. Kumbe saa nyingi za kunasa zimefupishwa kuwa dakika zipatazo 21.

Katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, R. Murray Schafer na wenzake waliipa kazi hii sura ya kitaaluma. Walitoa kanda za mji wa Vancouver mwaka 1973, na mwaka 1975 wakachunguza vijiji vitano vya Ulaya. Schafer alitofautisha sauti za msingi, ambazo wenyeji hawazitambui tena, na sauti za ishara, kama vile kengele na king'ora. Hata hivyo, upendeleo wake kwa utulivu wa kijijini dhidi ya mngurumo wa mji ulikuwa tayari ni hukumu. Hildegard Westerkamp, aliyekuwa mmoja wa kundi hilo, aliufichua mkono huo katika Kits Beach Soundwalk mwaka 1989. Akiwa msimulizi, anamweleza msikilizaji jinsi studio inavyoweza kuuondoa mji mzima nyuma ya sauti hafifu za ufukweni, kisha anauondoa.

Funzo hili lina uzito nchini Kenya. Mjadala wa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi ulidai nafasi ya kati kwa fasihi simulizi, na tangu hapo wanafunzi wengi wamekwenda nyanjani na vinasa sauti. Mtafiti anayemwomba mama aimbe wimbo wa kutwanga chumbani, mlango umefungwa na kinu kikiwa nje, hajaondoa kelele, ameondoa mapigo. Mhakiki atakayehesabu mizani ya wimbo huo atakuwa anaihakiki amri ya mtafiti. Hatari hii imezidi sasa, kanda za kaseti zinapohamishiwa kwenye kompyuta na kupitishwa katika programu za kusafisha sauti. Yamkini kinachosafishwa ndicho ushahidi wa pekee uliosalia wa hadhira na mahali. Basi nakala isiyosafishwa haina budi kuhifadhiwa, pamoja na maelezo ya mahali kipaza sauti kilipowekwa na nani aliyeamriwa anyamaze.