Kutoka kwa Adili hadi kwa Rosa

Riwaya ya Kiswahili ilipokuwa changa, msomaji hakuachiwa kazi kubwa ya kuhukumu. Mwaka 1934 James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, simulizi ya watu waliookolewa utumwani na kupewa makazi Freretown, Mombasa. Humo wema umekaa upande wa Waingereza na wamisionari, ubaya upande wa wauza watumwa, na ni nadra mtu kuvuka mpaka huo. Shaaban Robert naye aliwapa wahusika majina yanayomaliza maneno. Katika Kusadikika (1951) mshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni Majivuno. Katika Adili na Nduguze (1952), ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Msomaji hajafika mbali keshajua wa kumpenda na wa kumchukia. Desturi hiyo ya kusoma ilikuwa na sababu zake, na ilikuwa na nguvu kiasi kwamba miaka ishirini baadaye ilikigonga kitabu kilichokataa kuifuata.

Tuanze na sababu. Shaaban Robert alifanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, na karani hakuwa na nafasi ya kumtaja mtawala kwa jina akamwambia kuwa anadhulumu. Akaijenga nchi inayoelea angani, ambamo mtu anafikishwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Katika hali kama hiyo, kuwachanganya wema na wabaya kungemfaidi mtawala peke yake. Aliyeonewa alihitaji kujua dhuluma iko wapi na haki iko wapi, tena bila kigugumizi. Wanafunzi wa fasihi wanaowaita wahusika hao bapa hawakosei, lakini ubapa huo ulikuwa silaha ya wakati wake.

Kuna watakaosema kwamba Shaaban Robert hakuwa mwepesi hivyo, na wana ushahidi mzuri. Adili, gavana mwenye sifa ya haki, kila usiku huingia chumbani akawachapa mijeledi manyani wawili, ambao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Anachapa huku moyo unamuuma. Mtu mwema ameshika mjeledi, waovu ndio wanaoumia, na msomaji hajui amwonee huruma nani. Lakini tuitazame tena picha hiyo. Adili anachapa kwa amri ya jini. Mkono ni wake, nia si yake. Mgongano umetoka nje ukamkuta, na ndani anabaki safi mpaka mwisho. Hata Sungura wa ngano zetu, tapeli tunayemshangilia, anatuchekesha bila kutulazimisha kuuliza ujanja wake umetoka wapi.

Swali hilo lililetwa wazi na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Rosa Mistika (1971). Rosa anaanza akiwa binti mtiifu. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, ila kwa binti zake ni mlinzi mkali. Akigundua barua ya mvulana, anampiga Rosa kipigo kisichosahaulika. Binti anakwenda shule ya bweni hajawahi kuzoea hata kuzungumza na mvulana, na uhuru unamkuta hana kinga. Anayumba hatua kwa hatua, na mwisho anajiua. Ni nani mwovu hapa? Baba alikusudia kulinda, na ulinzi wake ndio uliobomoa. Rosa alidhulumiwa, naye pia alichagua. Hakuna jina la kutupa jibu. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, kisha baadaye kikaingizwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa sekondari. Marufuku hayo ni ushahidi wa desturi ya zamani: kwa aliyezoea mhusika kuwa mfano wa kuigwa au wa kuepukwa, kuonyesha uovu bila kuubandika jina kulionekana sawa na kuufundisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba riwaya za namna hii zinamtafutia mkosaji udhuru. Ukishaeleza kila kosa kwa malezi, atalaumiwa nani? Jibu limo katika riwaya iliyofuata, Kichwamaji (1974). Dada yake Kazimoto, mhusika mkuu, anaharibiwa na Manase, na Kazimoto anapanga kulipiza kwa kumharibu dada wa Manase. Sababu ya hasira yake tunaijua na tunaielewa, na kwa kuielewa ndipo tunapoona vizuri kuwa anataka kutenda kosa lile lile kwa mwanamke asiye na hatia. Kueleza chanzo hakumfutii mtu dhambi. Kunamnyima msomaji raha ya kudhani kwamba yeye hawezi kuitenda.

Wapo pia wanaodai kuwa mashaka haya juu ya nani mwema na nani mbaya yaliletwa na falsafa za Ulaya. Kweli Kezilahabi alizisoma, na Kichwamaji ina alama zake. Lakini tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, ilikuwa juu ya riwaya za Shaaban Robert. Hawezi kuitwa mgeni katika mapokeo hayo. Aliyajua kwa undani, na akaona yamefika wapi. Mkoloni alipokuwa ameondoka, adui wa nje hakutosha tena kueleza kwa nini watu wanaumizana nyumbani, shuleni na kitandani.

Kwa hiyo mwalimu anayempa mwanafunzi Kusadikika na Rosa Mistika asiulize swali moja kwa vitabu vyote viwili. Kwa Karama, na tuulize haki iko wapi. Kwa Rosa, tusikimbilie kumtafuta mwema na mbaya. Tuulize ni mambo gani yaliyomfikisha pale, na ni yapi kati ya hayo tunayatenda sisi kwa watoto wetu.