Kolesteroli na Kupoteza Usemi: Madaktari Waliunganaje Hayo Mawili?

Bila shaka umewahi kusikia habari za mzee aliyelala akiwa mzima, asubuhi akaamka mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki. Majirani husema amerogwa, ama akili zimeruka. Leo tutatazama vile madaktari walivyokuja kuyashuku mafuta ya kwenye damu, yaani kolesteroli.

Twende Ufaransa, mwaka wa 1861. Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, daktari mpasuaji Paul Broca alimpokea mzee wa miaka 84 aitwaye Lelong. Kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno matano tu. Alisema ndiyo, la, daima, na jina lake mwenyewe, nalo nusunusu. La tano lilikuwa "tois", yaani tatu kwa Kifaransa, ila amelikata, na alilitumia kwa kila hesabu. Broca akamwuliza ana watoto wangapi. Mzee akajibu "tois", lakini akainua vidole vinne. Watoto wake walikuwa wanne! Akili ilikuwepo, lililopotea ni neno.

Alipofariki, Broca alikuta ubongo umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka huohuo alikuwa ameona vivyo hivyo kwa mgonjwa mwingine, Leborgne, ambaye alisema "tan" tu.

Kolesteroli nayo ilikuwa na njia yake. Jina lake la kwanza lilitolewa na mwanakemia Mfaransa, Chevreul, aliyeichunguza katika vijiwe vya nyongo. Mwaka wa 1913, kule Urusi, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli, na mishipa yao ikajaa utando wa mafuta. Wengi hawakushtuka. Sungura ni mla majani, walisema, na panya waliolishwa hivyo hawakupata ugonjwa huo. Kwa kweli hoja yao haikuwa ya kipuuzi.

Njia hizo mbili zilikutana shingoni. Mwaka wa 1951 daktari wa Kanada, Miller Fisher, alieleza kwamba viharusi vingi hutokana na kuziba kwa mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo. Utando wa mafuta hukua humo polepole, kisha hupasuka, damu ikaganda juu yake. Donge likichukuliwa na damu hadi upande wa kushoto wa ubongo, usemi huenda.

Basi mambo yakaisha? Hata! Mwaka wa 1995 watafiti walijumlisha tafiti 45 za watu wapatao 450,000, wasione uhusiano wowote kati ya kolesteroli na kiharusi. Shida moja ni kwamba viharusi vilihesabiwa kwa pamoja, vya mshipa kuziba na vya mshipa kupasuka, na kolesteroli inahusika zaidi na vile vya kuziba. Jibu zuri zaidi lilitoka kwenye dawa za kupunguza kolesteroli. Utafiti wa Uingereza wa 2002, wenye watu zaidi ya 20,000, ulionyesha viharusi vikipungua kwa takriban robo. Mwingine wa 2006, kwa watu waliokuwa wamepata kiharusi tayari, ulionyesha kupungua kwa asilimia 16, ingawa vile vya kuvuja damu viliongezeka kidogo. Ndiyo maana dawa hizi hupewa na daktari, si za kuazimana na jirani.

Tuelewane, msikilizaji. Kolesteroli haigusi ulimi, na kigugumizi cha mtoto hakitokani nayo. Presha ndiyo adui mkubwa zaidi wa mishipa ya ubongo. Sukari na sigara nazo zimo.

Uso ukipinda, mkono ukilegea, ama maneno yakivurugika ghafla, kimbiza mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama hali imerudi sawa. Na kama unaye nyumbani aliyepoteza usemi, usimpigie kelele kama kiziwi. Mwulize maswali ya ndiyo au la, mpe muda, kisha tazama vidole vyake.