Mashine iliyotupwa: albamu ya Hybris na swali letu kuhusu zilipendwa

Kila tukianza kujifunza wimbo wa zamani, lazima mmoja wetu aulize: "Sasa hivi vitu vya wazee vitatusaidia nini?" Si swali la kijinga. Wengi wetu tuliondoka nyumbani tukiwa wadogo, na zilipendwa tunazijua kupitia simu ya mama tu. Je, kuzirudia ni kubaki nyuma?

Leo tunajibu kwa historia ya vijana 6 wa Uswidi. Hawakuwa wakimbizi, tusidanganyane. Ila walipenda muziki ambao dunia ilishauzika, na watu waliwauliza swali hilohilo.

Tuanze mbali kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Uingereza, bendi kadhaa za roki zilichoka na nyimbo za dakika tatu. Zikaanza kutunga vipande virefu, vyenye milango mingi kama nyumba ya ukoo: mara polepole, mara kelele, mara filimbi peke yake. Muziki huo ukaitwa roki ya progresivu. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969. Yes na Genesis nao wakawa majina makubwa.

Sauti moja iliyotambulisha muziki huo ilitoka kwenye kinanda kiitwacho Mellotron, kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963. Ndani yake kuna kanda, kama zile za kaseti, moja kwa kila kitufe. Wanamuziki halisi walikuwa wamerekodiwa kwenye kanda hizo wakipiga fidla, wakipuliza filimbi au wakiimba kwaya. Ukibonyeza kitufe, kanda inapita na unasikia sauti yao. Lakini inadumu kama sekunde 8 tu, kisha inakatika. Lazima uachie kitufe, kanda irudi mwanzo, ndipo ubonyeze tena.

Mashine yenyewe ilikuwa nzito na ilisumbua. Katikati ya miaka ya 1970 vijana wa panki wakaja na nyimbo fupi za hasira, wakawacheka wale wa nyimbo ndefu. Mwaka 1983 ikaja Yamaha DX7, kinanda cha kidijitali, chepesi, kisicho na kanda ya kukwama. Kufikia 1986 Mellotron haikutengenezwa tena. Basi, ikawa kitu cha stoo.

Sasa twende Uswidi, mwaka 1991. Mpiga gitaa Tord Lindman na mpiga besi Johan Högberg walitaka bendi ya kupiga muziki ule wa zamani. Wakaungana na Jonas Engdegård wa gitaa, Thomas Johnson wa vinanda, Mattias Olsson wa ngoma, ambaye hakuwa hata na miaka 20, na Anna Holmgren wa filimbi. Bendi ikaitwa Änglagård. Wakatafuta Mellotron na ogani ya Hammond, vyombo ambavyo wenzao wa rika lao walikuwa wameviacha.

Kiangazi cha 1992 wakarekodi albamu ya kwanza, Hybris, yaani kiburi. Ina vipande vinne tu, na kifupi kuliko vyote kinapita dakika 8. Cha kwanza hakina maneno kabisa. Cha pili kinaitwa Vandringar i vilsenhet, yaani matembezi ya mtu aliyepotea. Tulipoelezwa maana ya jina hilo tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Cha mwisho, Kung Bore, ni jina la mfalme wa baridi katika masimulizi ya kwao.

Hapo ndipo penye somo letu. Wale wakubwa wa miaka ya 1970 waliimba Kiingereza. Änglagård walichukua vyombo vyao na urefu wa nyimbo zao, lakini wakaimba Kiswidi, wakaimba baridi ya kwao. Hawakurudia wimbo wa mtu. Wasikilizaji wengi husikia humo pia harufu ya nyimbo za asili za Uswidi. Yaani waliazima jembe, shamba likawa lao.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka huohuo Landberk, bendi nyingine ya Uswidi, walitoa albamu yao ya kwanza. Mwaka 1993 wakafuata Anekdoten. Mwaka huo wa 1993 Änglagård walivuka bahari kupiga kwenye tamasha huko Los Angeles. Kumbe wapenzi wa muziki ule hawakuwa wameisha, walikuwa wametawanyika tu.

Bendi yenyewe haikudumu. Walitoa albamu ya pili mwaka 1994, na mwaka huohuo wakaachana. Ila kazi ilibaki, ikaendelea kutafutwa, na mwaka 2012 baadhi yao walirudi na albamu mpya, Viljans öga.

Kwa hiyo, ndugu yetu unayeuliza vitatusaidia nini: wimbo wa wazee si lazima uwe makumbusho. Unaweza kuwa chombo. Lakini kwanza ujue kukipiga vizuri, halafu useme ya kwako. Wale vijana walikuwa na bahati moja: rekodi za walimu wao zilikuwepo madukani. Nyimbo nyingi za kwetu hazikurekodiwa popote. Zimo kwenye koo za bibi na mama zetu, na sauti hizo nazo hukatika, na hakuna kanda ya kurudisha mwanzo.

Tunaombana hivi: wiki hii kila mmoja wetu amkalie mzee mmoja, awashe simu, arekodi wimbo mmoja na aandike maneno yake. Jumamosi tuje nazo. Gitaa tutaleta sisi.